Waya Usio na Kazi

Jumatatu asubuhi mpiga chapa wa hospitali alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Mkurugenzi, kichwa mbele, katoni la nyaya ubavuni, na viatu vya Mkurugenzi karibu kabisa na sikio lake. Vilikuwa viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri, na kimoja kilikuwa kikigonga sakafu taratibu, kama cha mtu anayesubiri kuhudumiwa.

Kompyuta ya mezani ilikuwa imeletwa Ijumaa. Ilikuwa mpya, kioo chake kingali na nailoni, na ndani ya boksi hakikukosekana kitu ila akili ya aliyeinunua. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, ya soketi za nchi nyingine, na soketi za hospitali ile zilitaka meno matatu mazito. Mkurugenzi akaagiza utafutwe waya mwingine. Mzee wa stoo akaleta katoni, akalitua chini kwa kishindo.

"Waya ni waya," alisema. "Umo humo humo. Jaribu mmoja mmoja."

Mpiga chapa waliyemwachia kazi hiyo aliitwa Kiberiti. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa ndani ya faili lake na halikuwahi kutoka humo. Walimwita Kiberiti kwa sababu ukimkwaruza anawaka, na hospitali ile ilikuwa na watu wengi wenye kucha.

Nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu la pembe nne, pembe mbili zimekatwa, na ndani yake vijiti vitatu vya chuma. Kiberiti alianza kutafuta waya wenye kichwa cha kulijibu tundu hilo. Wa kwanza ulikuwa na kichwa kama tarakimu nane, akajua huo ni wa redio. Wa pili ulikuwa na vitundu vitatu vilivyokaa kama mafiga, akajua ni wa laptopu. Wa tatu uliingia, ingawa kichwa chake kilikuwa na mfereji mdogo upande mmoja. Huo ulikuwa wa birika la umeme. Waya wa birika huingia kwenye kompyuta, lakini wa kompyuta haukubaliwi na birika. Ndivyo walivyo wakubwa nao, wanaingia kwako bila hodi, wewe kwao unasimama mlangoni.

Kompyuta iliwaka. Baada ya kitambo kidogo ikaanza kutoa mvuke nyuma, na chumba kikanukia majani ya chai.

"Huo hapana," alisema Mkurugenzi. "Utanilowesha karatasi."

Wa nne ulikuwa umetoka kwenye friji la chumba cha maiti. Kompyuta iliwaka nao, kioo kikashika ukungu, na baridi ikashuka mezani hadi kalamu zikagoma kuandika. Mkurugenzi alivaa koti, akatazama kioo, akasema kompyuta hiyo inamwangalia vibaya. Kiberiti akauchomoa.

Wa tano ulikuwa wa kijivu, mnene kama kidole gumba, na shingoni umezungushiwa kipande cha plasta ya vidonda. Uliingia bila kusukumwa. Kompyuta ikawaka, ikavuta pumzi, ikaitoa.

Haikuwa pumzi moja. Zilikuwa nyingi, ndogondogo, zikipishana kama watoto wanaogombea mlango. Zilitoka ubavuni mwa kompyuta, zikavuka meza, zikamgusa Mkurugenzi shingoni, pale kola ilipomkaba. Mguu wake ukaacha kugonga sakafu.

"Huu ndio," alisema. "Inuka, binti. Huu ndio wenyewe."

Fundi wa umeme aliitwa kuhakikisha. Alishika kipima umeme chake, akagusa hapa na pale, akainamisha sikio.

"Umeme uko sawa," alisema. "Inapumua tu."

Akasaini, akaenda zake.

Siku hiyo na iliyofuata, ofisi ilifanya kazi vizuri. Mkurugenzi alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, kikohozi ambacho wafanyakazi walikizoea kama kengele: kikisikika ukumbini, watu wanakaa sawa. Kikohozi hicho kilikata. Baada ya chakula cha mchana alilala kwenye kiti, mdomo wazi, pumzi ndogondogo zikimpepea, na alipoamka alicheza karata kwenye kompyuta kwa moyo mweupe. Mhasibu akawa anapita kila saa na karatasi isiyo na maana, anasimama nyuma ya kile kiti, anafumba macho.

"Hewa ya huku ni nzuri, Mkurugenzi."

"Ni mashine nzuri," alijibu Mkurugenzi. "Vitu vizuri vinataka mtu wa kuvitunza."

Saa za kazi zilipokwisha alibonyeza kitufe, pumzi zikakatika zote kwa pamoja, akafunga mlango akaenda nyumbani.

Jumanne jioni Kiberiti alivuka uwanja kwenda wodi ya watoto. Dada yake mkubwa alikuwa huko na mtoto wake wa kiume mwenye kichomi, mtoto mdogo sana ambaye manesi walimwita Bwana Mdogo kwa sababu alikuwa akikunja uso kama mtu anayedai haki yake. Katika kona ya wodi ilisimama mashine ya hewa, urefu wake kiunoni, ina magurudumu na kichupa cha maji ubavuni. Mirija membamba ilitoka humo ikagawanyika kwenda kila kitanda, na kila mtoto alikuwa na wake puani. Mashine yenyewe ilikuwa kimya. Vitanda viwili vilikuwa vimetandikwa upya, mashuka yamevutwa yakanyooka, na hakuna aliyeweka hata kikombe juu yake.

Dada alikuwa akimpepea mwanawe kwa ncha ya kitenge.

"Mchana alikuwa mzima kabisa," alisema. "Amenyonya, amenikojolea, amenivuta hereni. Sasa hivi tu ndiyo kabadilika. Na jana hivi hivi."

"Wote wako hivyo," alisema sista wa zamu, akipita na beseni. "Tangu jana, asubuhi wanachangamka, jioni wanazidiwa. Jumamosi na Jumapili ndiyo tulikoma kabisa. Mashine haina waya. Nimepeleka taarifa, nikaambiwa nikatafute kwenye katoni. Nikaenda stoo, nikaambiwa katoni liko kwa Mkurugenzi. Kwa Mkurugenzi nikaambiwa Mkurugenzi amepumzika."

Kiberiti hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa ameinama juu ya mtoto. Bwana Mdogo alivuta pumzi kwa shida, akasita, kisha mwishoni akatoa mkoromo mdogo, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Akavuta tena, akasita, akapuliza.

"Huyu nimefanya naye kazi siku mbili," alisema Kiberiti.

"Nani?"

"Mwanao. Yuko ofisini kwetu. Yuko kwenye shingo ya Mkurugenzi."

Dada yake alitazama dirishani, kule ng'ambo ya uwanja ambako ofisi zilikuwa zimefungwa, akatazama mtoto, akarudisha hesabu ya siku kichwani.

"Sasa umesimama hapa unafanya nini, mdogo wangu? Nenda kawashe!"

Kiberiti alikuwa na ufunguo wa akiba. Alikwenda, akafungua, akabonyeza kitufe, na pumzi zikarudi chumbani zote, zinagombana. Alisimama akisikiliza mpaka aliposikia ile inayopuliza chai. Kisha akageuka dirishani na kumwona dada yake ng'ambo akiwa ameacha kupepea. Kitenge kilikuwa kimeanguka chini na hakukiokota.

Akaiacha inawaka. Asubuhi Mkurugenzi akamkuta mezani kwake.

"Wewe, nani kaacha kompyuta yangu inawaka usiku kucha? Umeme wa hospitali ni wa baba yako?"

Kiberiti alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, limeshavaa viatu. Lakini kidole cha Mkurugenzi kilikuwa kinacheza juu ya kile kitufe, kinakizunguka, na kutoka ubavuni mwa kompyuta ilisikika pumzi moja ikisita.

"Ni mimi, Mkurugenzi. Nilisahau. Samahani."

Akameza lile jibu. Lilishuka likiwa na moto, likakaa kifuani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumeza, na hakujua kwamba vitu vya namna hiyo havisagiki.

Alimfuata Mzee wa stoo, akamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula karanga.

"Shikamoo, Mzee. Ule waya wa kijivu, wenye plasta shingoni, uliutoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wodi ya watoto, Ijumaa. Haukuwa na kazi."

"Ulijuaje kwamba hauna kazi?"

Mzee alipangusa viganja. Hakuwa mtu mbaya, na swali la kazi yake alilijibu kwa heshima.

"Njia ni moja, tangu enzi za aliyenifundisha. Kila Ijumaa napita hospitali nzima. Nikiona waya ukutani, nachomoa. Kisha nasimama, nasubiri. Mtu akipiga kelele, narudisha, naomba radhi. Asipopiga, basi huo hauna kazi, unaingia kwenye katoni. Maabara wanapiga kelele. Jikoni wanapiga kelele mpaka wanakurushia mwiko. Kwa mhasibu ndiyo usiseme. Pale kwa watoto nilichomoa nikangoja mpaka miguu ikaniuma. Mama zao walikuwa nje wanafua, sista kaenda kuchukua dawa. Kimya. Hakuna aliyelia hata mmoja."

"Mzee, ule ni waya wa hewa yao."

"Nasikia hivyo sasa."

"Wangelia kwa pumzi gani?"

Mzee wa stoo alitema ganda.

"Hilo halikuwa kwenye mafunzo," alisema. "Sisi tunasema, anayenyamaza amekubali."

"Na waliosema kimya kingi kina mshindo, hao hawakupita stoo?"

"Usinichomee ndoo, mwanangu. Mimi ni mtu wa kusikiliza tu. Waya sasa uko kwa mkubwa. Nikiuchomoa pale, unadhani kutakuwa kimya?"

Mchana Kiberiti alikwenda duka la vifaa vya umeme, akanunua waya mpya. Alishageuka mjuzi. Aliangalia kichwa, akahesabu vitundu, akapima unene kwa vidole, akahakikisha jino la tatu halijakatwa, kwa maana kulikuwa na watu waliolikata ili plagi iingie kwenye soketi za zamani, na baadhi yao hawakuwapo tena kueleza. Alikwenda nao wodini, akauchomeka kwenye mashine ya hewa. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikanguruma, namba zikajipanga. Lakini maji kwenye kichupa hayakutikisika, na mirija haikutoa kitu. Sista aliweka shavu lake kwenye mdomo wa mrija.

"Imewaka lakini haina kitu ndani," alisema. "Pumzi ziko kule."

Basi Kiberiti akaupeleka ule waya mpya kwa Mkurugenzi, akapiga magoti tena chini ya meza, akabadilisha upesi. Kompyuta ikawaka mara moja. Ilifanya kila kitu. Karata zilikuja, barua zikafunguka, tena kwa kasi zaidi. Ilikuwa kimya kama kompyuta.

"Imekufa hii," alisema Mkurugenzi.

"Haijafa, Mkurugenzi. Bonyeza uone. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi lakini haipumui." Alijigusa shingoni. "Rudisha ule."

"Mkurugenzi, ule ni wa mashine ya watoto. Hizo ni pumzi zao. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu tumbo moja. Huu nimeununua mwenyewe, uchukue, uwe wako."

Mkurugenzi hakukataa kwamba zilikuwa pumzi za watoto. Alilijua hilo tangu Jumatatu. Mtu aliyelea watoto sita hawezi kukosa kujua. Aliegemea kiti, akakutanisha vidole.

"Binti, nimeumwa kikohozi miaka na miaka. Nimekwenda kwa madaktari ambao wewe huwezi hata kutamka majina yao. Hii ndiyo dawa ya kwanza iliyonifaa. Sasa mimi nikianguka, hospitali itaongozwa na nani? Na hospitali isipoongozwa, hao watoto watatibiwa wapi? Unaona? Mimi nikipumua, wao wamepumua."

"Sasa hivi ninavyosema na wewe hawapumui."

"Basi usipoteze muda. Rudisha waya."

Akaurudisha. Mikono yake ilijua njia, ilifanya upesi kuliko moyo. Pumzi zikaingia chumbani zikihema, kama waliotoka kukimbia.

"Kama wodi inautaka," aliendelea Mkurugenzi kwa upole, "kuna utaratibu. Andika barua ya maombi. Ipite stoo, kisha kwa mhasibu, kisha ije kwangu. Nitaijadili."

"Utaijadili na nani, Mkurugenzi?"

"Na mimi mwenyewe. Kwa kirefu."

Kiberiti akameza tena. Alasiri hiyo karatasi alizokuwa akichapa zilianza kubadilika rangi pembeni, zikawa kahawia. Wenzake waliona, wakaanza kuleta vikombe vya chai vilivyopoa na kuviweka mezani kwake vipate moto. Mhasibu aliweka mkate.

Alhamisi Mkurugenzi aliitwa mkutanoni mjini. Gari lake lilipotoka getini, Kiberiti hakuwaza mara mbili. Aliingia chini ya meza, akachomoa waya wa kijivu, akauvaa shingoni na kukimbia. Alivuka uwanja viatu mkononi. Sista alipomwona alimwachia njia, na dada yake alikuwa tayari amesogeza mashine karibu na ukuta.

Kichwa kikaingia kwenye mashine, plagi ikaingia ukutani. Taa ikawa kijani. Maji kwenye kichupa yakatikisika, kisha yakaanza kutokota bila moto.

Watoto wakavuta pumzi. Na jambo la kwanza walilofanya na pumzi zao, walipozipata zote mikononi, lilikuwa kulia. Walilia kilio cha Ijumaa, cha Jumamosi na cha Jumapili, kilio cha kila jioni waliyokuwa wamezimwa. Bwana Mdogo alilia huku amekunja ngumi. Vitanda viwili vilivyotandikwa upya navyo vililia, sauti mbili nyembamba, kutoka katikati ya mashuka yaliyonyooka. Sista alikwenda akayavuta mashuka kidogo, akavigusa vitanda kwa kiganja kama anavyogusa paji la uso, na vikaendelea kulia.

Kilio kilifika jikoni, kikafika maabara, kikafika getini. Watu walitoka nje kusikiliza. Mzee wa stoo alikuja amevua kofia, akasimama mlangoni muda ule ule aliokuwa akisimama kila Ijumaa.

"Basi una kazi," alisema. "Nimesikia mwenyewe. Huu siuchukui tena."

"Umesikia, ee?" alisema dada. "Afadhali. Sasa nenda kamwambie aliyekutuma."

Haikuwa lazima. Mkutano ulikuwa umevunjika mapema, na Mkurugenzi alikuwa amekwishaingia ofisini, akabonyeza, akabonyeza, akahisi joto shingoni. Kikohozi kilimrudia pale pale. Alitoka uwanjani kola imelowa, akaona madirisha ya wodi yako wazi, na akapiga kelele.

Alikuwa mtu aliyeshiba, mwenye kifua kipana, na kwa siku nne alikuwa amevuta pumzi za wodi nzima. Sauti yake iligonga ukuta wa maabara ikarudi. Vioo vilitetemeka. Alisema waya wake umeibwa, alisema mali ya umma, alisema atafukuza watu mpaka paka wa jikoni. Vilio vya watoto vilikuwa vingi, lakini vyote pamoja havikuifunika sauti ya mtu yule mmoja.

Mzee wa stoo aliinamisha kichwa upande, akasikiliza huku, akasikiliza kule. Alipima bila upendeleo.

"Wote wanapiga kelele," alisema kwa huzuni. "Lakini anayepiga zaidi ni Mkurugenzi."

Akauchomoa.

Wodi ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Kiberiti alimrukia Mzee, akamshika shati, na vifungo viwili vilikuwa vimeshakatika pale dada yake alipomshika yeye kwa nyuma.

"Mwachie!"

"Dada, niache nimfundishe huyu—"

"Mwachie, nimesema! Mwache akimbie! Kila unavyomshika ndivyo mwanangu anavyochelewa! Mzee, kimbia! Kachomeke kule!"

Mzee wa stoo alikuwa na magoti mabovu. Alijaribu kukimbia, akawa anatembea kwa kuruka. Kiberiti alimtazama kwa muda wa pumzi moja, pumzi ambayo watoto hawakuwa nayo. Kisha akamnyang'anya ule waya na kukimbia nao yeye mwenyewe. Alimpita Mkurugenzi uwanjani, akafungua mlango, akapiga magoti chini ya ile meza, akatafuta lile tundu kwa vidole, na akachomeka. Hakuna aliyekuwa akilijua tundu lile kuliko yeye.

Mkurugenzi alifika, akaketi, akangoja kikohozi kitulie. Chini ya meza mpiga chapa alikuwa amelaza paji la uso sakafuni.

"Umefanya vizuri kurudisha," alisema Mkurugenzi. "Sina kinyongo."

Na kweli hakuwa na kinyongo. Alifikiri usiku huo akapata suluhisho la kibinadamu. Fundi wa umeme alikuwa amesema kwamba pumzi nyingi zinapotelea uwanjani kwa sababu ya upepo, na kwamba watoto wakisogezwa karibu na kompyuta watapata zaidi. Kwa hiyo Mkurugenzi aliagiza vitanda vyote vya watoto vihamishiwe ofisini kwake na kwenye ukumbi nje ya mlango. Kompyuta haitazimwa tena. Mama zao waliruhusiwa kukaa ukutani mradi wasizungumze wakati amelala. Mirija ilihamishiwa ubavuni mwa kompyuta, mashine ya hewa ikabaki wodini, na sista akaifanya meza ya kuwekea beseni.

Wageni kutoka makao makuu walikuja kuona. Walipita kati ya vitanda kwa vidole vya miguu, wakasimama mbele ya kompyuta, wakapigwa picha na Mkurugenzi akiwa amemshika mtoto mmoja aliyekuwa akimkwepa. Mama mmoja aliulizwa ana la kusema. Akasema anaomba waya urudishwe wodini. Wageni wakacheka kwa upole, wakasema akina mama ni waoga wa teknolojia. Mkuu wao akatoa hotuba, iliyochapwa na Kiberiti kwenye karatasi zenye pembe za kahawia, akasema kwamba hapa wamejionea kiongozi anayewapa watoto pumzi kutoka mezani kwake. Akaagiza wakurugenzi wote wa hospitali nyingine watafutiwe waya kama ule, utoke kwenye wodi zao wenyewe. Mzee wa stoo alipewa koti jipya na nauli, akaenda kufundisha.

Bwana Mdogo alikaa kule, kitanda chake kimesukumwa upande wa kushoto wa meza, mwezi na zaidi. Siku zote hizo Kiberiti alichapa, akaitika, akaleta chai, akasema ndiyo Mkurugenzi, hapana Mkurugenzi, samahani Mkurugenzi. Watu wapya hospitalini waliuliza kwa nini mwanamke mpole vile anaitwa Kiberiti. Wa zamani walisema labda kwa sababu ya chai. Alimeza mpaka sauti yake ikawa nyembamba. Kila alipotaka kufungua kinywa, alitazama kile kidole na kile kitufe, kisha kitanda, kisha akakifunga.

Ikafika asubuhi sista alipomtoa Bwana Mdogo mrija puani, akangoja. Mtoto alivuta pumzi yake mwenyewe. Hakusita. Akaitoa, akavuta nyingine, akakunja uso. Sista aliweka sikio kifuani mwake, kisha kwenye kompyuta, kisha kifuani tena.

"Huyu amejitegemea," alisema. "Mpeleke nyumbani, mama."

Dada alimfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge kile kile. Mkurugenzi alisogeza kiti, akajiweka sawa kupokea shukrani, kwani wengine waliokuwa wametoka walimshukuru, na wawili walipiga magoti.

"Blanketi lenu nimeliacha kitandani," dada alimwambia. Akatoka. Kiberiti alisimama dirishani akamsindikiza kwa macho, uwanjani, kupita wodi, mpaka getini, mpaka kitenge kikapinda kona na mlinzi akarudisha geti.

Nyuma yake, Mkurugenzi alijipapasa shingo.

"Kuna joto upande huu wa kushoto," alisema. "Huyo alikuwa na pumzi nzuri. Binti, kamlete mtoto mwingine."

Kiberiti aligeuka. Alimwambia akamlete mwenyewe. Alimwambia na mengine, yote, kuanzia lile la Jumatano asubuhi, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti, na hakuruka hata moja. Ilichukua muda. Mhasibu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti alisikia yote akasahau kufumba macho. Akina mama waliokaa ukutani waliinamisha nyuso, kwa maana watoto wao bado walikuwa vitandani. Alipomaliza alichukua mkoba wake na kikombe chake, akaenda.

Mpiga chapa mpya alipatikana kabla ya chakula cha mchana, na mtoto pia.